Bakuli Jekundu la Bi Chiku

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana taa za umeme zilikuwepo, Bi Chiku panya aliishi maabarani na vichanga vyake vitano. Nyumba yake ilikuwa kizimba cha waya. Jirani yake alikuwa Buku, panya dume mwenye shingo kama gogo. Kila mara mkono wake ulipenya tundu la waya, kwap! Chakula cha Bi Chiku kimekwenda.

Asubuhi moja wenye makoti meupe wakampa Bi Chiku bakuli jekundu. Alilijua bakuli hilo: chakula chake huchanganywa na mayai ya minyoo. Mpangaji wa kabla yake alikila, mnyoo ukamkaa tumboni, homoni zikavurugika mwilini, maziwa yakakauka.

"Nikila mimi, wanangu watanyonya nini?" akajiuliza. Na bakuli lisiporudi tupu, wenye makoti wangemlisha kwa mpira uliosukumwa hadi kooni!

Akaanza kujilamba midomo. "Nyam! Nyam! Lo!"

"We mama, unatafuna nini?" Buku akanguruma.

"Shikamoo, Bwana Buku. Hiki hakikuhusu. Wenye makoti wamesema wewe ukila utapata nguvu mno, utapasua hizi waya."

"Wamesema hivyo? Lete!"

"Siwezi, bwana, watanigombeza mie!"

Kwap! Kafu, kafu, kafu! Bakuli tupu.

"Jamani, umemaliza chote?" Bi Chiku akalia, machozi hayatoki.

Ikawa hivyo kila asubuhi; Bi Chiku akala chakula cha jioni, kisicho na mayai. Wiki ya nne likarudi bakuli la kawaida, na Buku akaacha kugonga waya. Mnyoo ulishajenga makao tumboni mwake, na zile homoni zinazomfanya dume atunishe shingo zikashuka puu! Akawa anakusanya maranda ya mbao, anatengeneza kiota.

"Jirani," akaita kwa sauti laini, "hao watoto hawaoni baridi? Pokea maranda haya."

"Ahsante, baba. Leo hutaki chakula changu?"

"Kula wewe, mama. Unanyonyesha."

Ijumaa wenye makoti meupe wakawapima damu wote wawili. Mmoja akapiga yowe.

"Haa! Huyu mama tuliyempa minyoo hana hata mmoja! Na huyu dume ambaye hatukumpa kitu, homoni zote chini!"

"Umechanganya chupa za damu wewe!"

"Mimi? Umechanganya wewe!"

Wakagombana mpaka saa ya chai. Bi Chiku akawageuzia mgongo, vichanga vitano vikinyonya chwi, chwi, chwi.

Basi shikeni hili, wanangu: anayepora bakuli la mwenziwe hupora na kilichomo.