Hodi ya Nyati kwa Fuko

Zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakibisha hodi kwa wenzao, kisima cha nyikani kilikosa msimamizi. Nyati na Nungunungu wakakitaka wote wawili, wakaitwa uwanjani kujibizana.

Fuko alikaa nyuma. Haoni, ila sikio lake humsikia mchwa akitafuna. Miaka yote mkewe, Bi Mwanaidi, aliyekuwa mzito wa kusikia, alimnong'oneza: "Sasa ananyoosha shingo. Sasa anatabasamu." Fuko naye alimweleza kilichosemwa, na kati yao hakikupotea kitu. Sasa Bi Mwanaidi alikuwa amelala chini ya kilima kidogo cha udongo kando ya kisima, na arobaini yake ilikuwa bado.

Nyati akapiga kwato, di, di, di. Akatikisa pembe zake zilizopakwa mafuta. "Kisima ni cha wote. Wenye kwato watakunywa kwanza, wengine maji yakibaki. Na kile kilima cha kando nitakisawazisha kiwe njia yangu."

Uwanja mzima ukashangilia.

Nungunungu, magoti yakigongana, akasema kila mnyama atakunywa kwa zamu, na kaburi halitaguswa. Wakaangua kicheko.

"Amefanya nini hata wanamcheka?" Fuko akanong'ona upande wake wa kushoto.

Huko ndiko alikozoea kukaa Bi Mwanaidi.

Akarudi nyumbani, akachimba siku tatu, kwaru, kwaru, mpaka chumba chake cha chini kikatosha wageni mia. Siku ya arobaini akawaalika wanyama wadogo wote, maana hao ndio wengi. Walipokwisha kula, akazima taa. "Kaeni kimya. Nasikia kwato, kuna mgeni."

"Hodi," ikasema sauti nzito mlangoni.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi Nyati, mzee. Pole kwa msiba." Mlango haukumtosha hata pua. "Nimekuja pia kukuomba kura."

"Nimeshapoa. Ila siku ile mawazo yangu yalikuwa mbali, baba. Hebu nirudie ulivyosema, vile vile."

Nyati akajisifu kwa kumbukumbu yake, akarudia. Neno halikupungua.

Gizani, Kanga akamgusa Sungura. "Amesema yakibaki?"

"Na kaburi la marehemu alisawazishe? Huyu amebadilika."

"Hajabadilika," Fuko akasema. "Ndiyo yale yale. Mlikuwa mnatazama pembe."

Nyati akasikia minong'ono. "Mzee, uko na nani humo?"

"Na wapiga kura."

Kwato zikaondoka polepole. Baadaye akabisha hodi Nungunungu, akarudia yake. Magoti yake hayakuonekana. Yalisikika maneno tu, na kesho yake wakampa kisima.

Uchaguzi ulipokwisha, Fuko akaenda peke yake mpaka kwenye kilima.

"Wamemchagua Nungunungu," akamwambia mkewe. "Uso wake ulikuwaje, sijui. Hukuwapo kuniambia."

Nanyi, wanangu, anayeomba kuwaongoza, msikilizeni kwanza mkiwa mmefumba macho.