Kunguru na Yai la Mke Mwenza

Ndege walipokuwa bado na mfalme wao mmoja, katika misitu ya Bara Hindi kando ya mto Sonavati, kila mama alijenga kiota chake na kulea watoto wake mwenyewe. Hata koeli, yule kekeo wa Bara Hindi, alijenga. Najua ninyi mmemzoea kama mwimbaji asiye na kwao, lakini siku hizo hakuna aliyemshinda kwa kiota nadhifu.

Mfalme Tai alikuwa na wake wawili. Mkubwa alikuwa Shyamala, kunguru mwenye akili na mdomo mkali, aliyeolewa mfalme angali hana hata tawi la kukalia. Mdogo alikuwa Madhuri, koeli, aliyeletwa juzijuzi tu. Madhuri akiimba, mfalme aliacha mashauri yote akasikiliza. Shyamala akisema neno, alijibiwa, "Nimesikia, Bi Mkubwa," na kumbe mume hajasikia lolote. Hilo lilimkata maini Shyamala.

Msimu wa mvua kila mke alitaga yai moja, na yote mawili yalikuwa ya rangi moja. Korongo mnajimu akaitwa. Akafumba macho, akatamka kwamba atakayeanguliwa katika yai la Madhuri ndiye atakayerithi ufalme. Ndege wakashangilia. Shyamala naye alishangilia, tena kwa sauti kuwapita wote, huku roho ikimchoma.

Tangu hapo hakula akashiba. Alimwonea kijicho mwenzake kwa kila kitu: sauti yake, majani laini ya kiota chake, hata namna alivyokaa juu ya yai lile. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba Madhuri alimpenda. Kila kulipokucha alimwamkia, "Shikamoo, dada," kwa moyo mweupe, na Shyamala aliitikia marahaba huku akitamani kumng'oa ulimi.

Asubuhi moja Shyamala alikwenda kuoga mtoni. Wakati wa kurudi alipita karibu na kiota cha Madhuri, akakikuta hakina mtu. Yai lilikuwa peke yake. Hakujiuliza mara mbili. Alitua ukingoni, akalitazama, akasema, "Haya, tawala sasa." Akalisukuma kwa mdomo. Likagonga tawi, likapasukia kwenye mawe. Lo, alivyofurahi! Alirudi kwake akiruka kwa madaha, mbawa bado zinachuruzika maji.

Akamkuta Madhuri amesimama kando ya kiota, anamsubiri.

"Dada, usinikasirikie, nimeingia kwako bila hodi," Madhuri alisema. "Nimekuona siku zote hizi huna raha, nami nikakosa usingizi. Ulipokwenda kuoga nimeyabadilisha mayai. Langu hilo hapo, ni lako. Atakayetawala atoke chini ya mbawa zako, akuite wewe mama. La kwako nimelipeleka kwangu, nami nitalilea bila ubaguzi."

Shyamala aligeuza kichwa, akatazama upande wa kiota cha Madhuri. Madhuri alimtazama usoni, kisha akaruka mbio kwenda kwake. Aliona kiota kitupu. Akaona na mawe chini. Alilia hapo mpaka jua likawa la utosi.

Aliporudi, Shyamala alikuwa amesogea mbali na yai, ameinamisha kichwa. "Lichukue," alisema. "Ni lako, mdogo wangu. Lichukue, uniache na nilichokifanya."

Madhuri alitaka kulichukua. Alikuwa mama, jamani, alilitaka. Lakini alisema, "Nikilichukua, dada, utabaki na nini?" Akaondoka. Hakuwahi tena kusuka jani juu ya jani.

Yai lilianguliwa, na huyo mtoto akatawala, akimwita kunguru mama mpaka mwisho. Ufalme wa ndege umeshapotea siku nyingi.

Na tangu siku hiyo koeli hajengi. Mvua zikikaribia, hutaga katika kiota cha kunguru, na kunguru hulalia, hufukuza mwewe, hutafuta chakula kutwa nzima. Mnamwita mjinga kwa kutomjua mtoto asiye wake. Anamjua sana. Mtazameni akirudi na chakula: humlisha huyo kwanza, ndipo huwageukia wa kwake.