Msafiri Aliyeondoka Bila Kuaga

Haya, tulieni niwape ngano. Mwenye kikohozi akimeze!

Shekue, msafiri bingwa wa kula, alikuwa akitembea pwani peke yake akafikia kijiji cha majini wema. Bibi Mwanasha akampokea, akamlisha mwezi mzima.

“Mwanangu, siku ya kuondoka uniage. Nisipokuambia ‘karibu tena,’ hukioni tena kijiji hiki.”

Siku ilipofika, Shekue akaogopa machozi ya bibi. Akanyata alfajiri, viatu mkononi, kama mwizi wa kuku.

Mwaka haukuisha, akarudi, akakuta mikoko mitupu palipokuwa na kijiji. Akapiga hodi: mikoko kimya. Akapiga tena: kaa wakamkodolea macho. Mara ya tatu akanusa wali wa nazi, akamsikia bibi asiyeonekana akimwambia jirani, “Punguza kelele, mwanangu bado amelala.”

Akaita mpaka sauti ikamkauka.

Ngano yangu naikunja hapa. Mkiondoka, niageni.