Kisima cha Mkamburi na Swali Lisilo na Neno

Kaeni vizuri, msikie watu walivyokuwa wajeuri zamani. Hapo kale, chifu mmoja wa milimani aliyeitwa Righa aliyapiga marufuku maneno yote ya kuulizia: nani, nini, kwa nini, hata kile kijineno je. Kuuliza kukawa kwake peke yake. Kuamrisha nako kwake. Hata kushangaa kwa sauti, mpaka aanze yeye! Raia waliachiwa kauli za kukubali tu. Chifu akisema, "Mvua ni yangu," wote huitikia, "Mvua ni yako," sauti ikishuka mwishoni kama mtu anayetua mzigo. Ebo! Na watu wazima na ndevu zao waliitikia.

Kijijini hapo aliishi mjane, Mkamburi. Mwaka wa kiangazi alichimba kisima kwa mikono yake, viganja vikajaa malengelenge, na majirani waliokuwa wakimcheka ndio waliotangulia kuja kuchota. Asubuhi moja akakuta kimezungushiwa miiba, na chifu amesimama mbele yake.

"Kisima hiki ni changu," akasema chifu. "Itikia, mama."

Mkamburi alihisi moto kifuani. Alitamani kuuliza kwa nini, lakini aliyelitamka neno hilo alifukuzwa kijijini. Na kuitikia nako ni kukitoa kisima kwa kinywa chake mwenyewe. Akafungua mdomo aitikie kama ilivyo desturi, lakini sauti ikakataa kushuka. Ikapanda.

"Kisima hiki ni chako?"

Watu wakageuka. Chifu akafoka, "Umeuliza!"

"Nimeuliza?" akasema Mkamburi, sauti ikapanda tena. "Nimekurudishia maneno yako, baba. Sikuongeza hata moja."

Na kweli hakuongeza. Washauri wa chifu wakatafuta neno la kumshtakia, wakakosa. Jirani mmoja akatua mtungi wake, akadakia, "Kisima hiki ni chako?" Kisha mwingine, kisha wote, wamemkazia macho, wanangoja. Righa akageuka akaenda zake, na ile miiba waliing'oa wenyewe kabla jua halijawa kali.

Na tangu siku hiyo, Mswahili halazimiki kutafuta neno la kuulizia. Maneno huwa yale yale. Sauti ikipanda, ni swali. Kwa hiyo ukichukua cha mtu, naye akakurudishia maneno yako huku sauti inapanda mwishoni, usijifanye hukusikia. Umeulizwa. Jibu!