Shaame Aliyekaa Baoni

Kukataa ni kukaa. Mmeisikia leo kwa baba yenu mdogo, nanyi mnataka kujua kukaa kunaingiaje ndani ya kukataa. Basi tulieni, asili yake ni hii.

Hapa Pemba, zamani, alikuwapo Shaame, fundi wa bao asiye na mpinzani ila mmoja, Kombo, aliyetoka naye jando moja. Kila mwaka, karafuu zikishaanikwa, wawili hao walishindana barazani, na watu waliacha chakula kikapoa.

Mwaka huo Kombo alioa mke wa pili. Akamtoa mama yake, Bi Kazija, chumbani, ili bibi harusi apate pa kulala. Mama wa watu akaenda kujisitiri jikoni kwa jirani. Shaame alikuwa amekula sana kwa mama huyo utotoni, na roho ikamuuma. Akaapa hachezi na Kombo. Siku ya mashindano ilipofika akajilaza kitandani, akajiona shujaa.

Mkewe, Bi Time, akamletea chai. "Umekataa au umejificha?"

"Nimekataa."

"Nani kakusikia? Mimi na huo mto. Barazani wanasema unaumwa tumbo, na Kombo anakuombea dua upone."

Shaame alicheka, kisha kicheko kikamwisha. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kufungwa baoni hakukumtisha, ila alimpenda Kombo, na kumkataa usoni huenda kukawa ndiko kumpoteza. Hata hivyo alivaa kanzu yake, akaenda.

Akaketi mbele ya bao. Kete zikapangwa, na zamu ilipomfikia aliiacha mikono mapajani.

"Cheza, yakhe," Kombo alimwambia.

"Sichezi nawe." Shaame akalionyesha lile shimo la bao tunaloliita nyumba. "Nyumba hii umeijaza kete, na unailinda isiliwe. Nyumba yako ya kweli haina mama."

Watu wakaguna. Mmoja akasema kwa kejeli kwamba leo woga umepata sababu. Shaame hakuinuka.

"Kama huchezi, si uondoke," Kombo alisema.

"Nikiondoka nimekukimbia. Nimekataa, ndiyo maana nimekaa. Wewe ni ndugu yangu, Kombo. Nitakungoja hapa hapa."

Basi wakakaa hivyo, wakitazamana juu ya kete. Watu walikwenda kuswali alasiri, wakarudi, wakawakuta palepale. Mwisho Kombo akavua kofia, akajifutia uso, akainuka. Akashika njia ya kwa yule jirani.

Kesho yake Bi Kazija, aliyekwisha kurudi chumbani mwake, alimpelekea Shaame mkate wa kumimina. Shaame akaona haya, akataka kusema kwamba hakufanya kitu. Bi Kazija akamwekea mkono kichwani kama alivyozoea kumfanyia alipokuwa mdogo.

"Mwanangu, wengi walimkataa Kombo kwa ajili yangu, kila mtu mlangoni kwake, nami nikabaki jikoni kwa watu. Wewe ulikwenda ukakaa."

Kwa hiyo, wanangu, mkimsikia mtu anajisifu kwamba alikataa, muulizeni kwa upole alikuwa wapi wakati huo. Kukataa ni kukaa.