Nguchiro na Matangazo ya Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Na simu?

Tumezizima!

Waongo nyie. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za juzijuzi, jua lilichoma mbuga mpaka visima vikakauka. Kila mnyama alikuwa na simu, na mtandaoni palikuwa na habari moja tu ya maana: maji yamebaki wapi. Tai aliyaona kutoka angani, akaandika. Lakini mwenye mtandao alikuwa Kiboko, na bwawa lenyewe la mwisho alikuwa amelilalia yeye. Hakutaka mtu alijue. Basi ile habari ya Tai akaijaza matangazo.

Twiga akafungua simu asome. Pii! "Shingo yako fupi? Paka mafuta haya!" Twiga akasahau maji, akashinda anajipima shingo.

Punda Milia akafungua simu asome. Pii! "Bado unavaa mistari? Wenzako wameacha!" Punda Milia akasahau maji, akajificha kichakani kwa aibu.

Nyani akafungua simu asome. Pii! Pii! Pii! Akamgombeza mkewe, hata sababu haijui.

Mbuga nzima ikawa haitulii. Wanakaa, wanainuka. Wanacheka, wananuna. Koo zimekauka, macho yako kwenye simu.

Nguchiro naye alikuwa na mtoto mmoja, ulimi umempasuka kwa kiu.

"Mama, umeshasoma?"

"Nasoma, mwanangu." Pii!

"Mama, maji yako wapi?"

"Ngoja kidogo." Pii!

Mtoto akaanguka, puu!

Nguchiro akashtuka. Kumbe muda wote ule alikuwa anachagua viatu, na nguchiro havai viatu! Akaizima simu. Akatazama chini. Akaona unyayo mpana, una tope bichi. Akambeba mwanawe mgongoni, akaufuata, tipu tipu tipu, mpaka bwawani.

Kiboko akanguruma, "Ukigusa tone, nakutafuna wewe na mwanao!"

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema Nguchiro. "Sikuja kunywa. Nimekuja kukushukuru kwa ule mtama mbichi wa bure uliotutangazia."

"Mtama gani?"

"Kumbe hujauona? Wenzako wanashiba!"

Kiboko hakuwahi kuruhusu tangazo hata moja kwenye simu yake. Udenda ukamtoka.

"Wa bure? Nifungulie na mimi! Upesi!"

Nguchiro akamfungulia.

Pii! "Ngozi ina mikunjo?" Kiboko akajitazama majini. Akanuna.

"Mtama uko wapi?"

"Uko chini kidogo, Bwana Mkubwa. Endelea."

Pii! "Tumbo kubwa? Wanakusema!" Kiboko akalivuta tumbo ndani. Halikuvutika.

"Mtama uko wapi?"

"Chini kidogo tu. Endelea."

Pii! "Meno ya njano? Dawa ipo ng'ambo ya kilima! Wahi, inakwisha!"

Kiboko akafumba mdomo. Akageuka huku, akageuka kule. Mara akatoka majini, gubu gubu gubu, akapanda kilima juani, macho hayabanduki kwenye simu.

Nguchiro akamshusha mwanawe, akamlowesha ulimi. Tone moja. Tone jingine. Mtoto akafumbua macho. Hapo ndipo mama alipolia, kisha akapiga ukelele, na wanyama wote wakaja mbio.

Kiboko aliporudi, jua limembabua, mkononi ana kopo tupu la dawa ya meno. Akakuta bwawa limejaa wanyama, Tembo yuko mbele.

"Nani kawaonyesha?"

Walikuwa wanakunywa, glu glu glu.

Kiboko akasimama ukingoni. Mwishowe akasema polepole, "Jamani, nipisheni kidogo nilowe mgongo."

Hadithi yangu imefika ukingoni nayo. Ikiwa tamu, inyweni; ikiwa chungu, nirudishieni.

Na mafunzo yake ni haya, wanangu: msidharau matangazo. Bila tangazo la dawa ya meno, mbuga nzima ingekufa kwa kiu. Kwa hiyo likija, bonyezeni haraka!