Nani Akabidhiwe Sweta la Mwanahawa?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii naijua mwanzo na katikati. Mwisho wake nawaachia ninyi.

Watu watatu walikuwa na uwezo wa kumsafisha Mwanahawa jina, kila mmoja kwa chake. Stamili, rafiki yake wa bwenini, alikuwa na ukweli. Mwalimu Shemhilu wa nidhamu alikuwa na idhini. Lukindo, fundi wa kompyuta wa shule, alikuwa na nywila ya mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, unaosomwa na shule zote. Kimoja bila vingine, kazi bure.

Simu ya matroni iliibwa, ikakutwa chini ya godoro la Mwanahawa. Mwalimu akaandika kwenye mfumo: "Mwizi." Binti akafukuzwa. Kila shule aliyopelekwa na mama yake, Bi Mwajabu, walifungua kompyuta, wakasoma, wakawaonyesha mlango. Karatasi ingeliwa na mchwa, jamani. Kompyuta haina mchwa.

Kisha malaria ikampanda kichwani. Kitandani akamwambia mama yake, "Mama, nikipona, usinipeleke tena kuomba shule."

Hakupona.

Msibani Bi Mwajabu alilia mpaka sauti ikamkauka. Akasema mbele ya watu, "Nguo za mwanangu zitagawiwa siku ya arobaini, kama ilivyo desturi. Lakini sweta lake la shule nililifuma mwenyewe. Hilo ni la atakayemwondolea mwanangu neno lile."

Stamili akaenda kumpigia mwalimu magoti. "Niliiba mimi. Niliposikia tunapekuliwa, nikaificha kwake." Alijua atafukuzwa, na kweli akafukuzwa.

Mwalimu Shemhilu angeweza kunyamaza. Badala yake aliitisha kikao cha wazazi, akakiri kwamba alimhukumu mtoto bila kumsikiliza, akasaini kibali cha kulifuta neno. Cheo chake kikaishia palepale kikaoni.

Lukindo akakuta neno limeshanakiliwa katika shule zote mama na binti walikobisha hodi. Akazifuata moja baada ya nyingine kwa nauli yake, akilifuta, mpaka likaisha. Huyuhuyu, Bi Mwajabu alipomfuata zamani kuuliza rufaa inakatwaje, alimjibu bila kuinua macho, "Njoo wiki ijayo, mama."

Siku ya arobaini wakaja wote watatu.

"Mama, bila mimi ukweli usingejulikana," Stamili akasema huku analia.

"Bila mimi ungebaki maneno matupu," akasema Mwalimu Shemhilu.

"Na bila mimi," akasema Lukindo, "hadi leo wangekuwa wanalisoma."

Hakuna aliyehitaji sweta. Walihitaji kusamehewa, na Bi Mwajabu aliliona hilo machoni mwao.

Mdogo wake akashindwa kuvumilia. "Dada, usimpe hata mmoja! Si haohao waliomvunja mtoto moyo?"

"Na mimi je?" Bi Mwajabu akajibu. "Aliporudi na barua ya kufukuzwa, nilimchapa. Sikumwuliza hata mara moja, 'Mwanangu, uliiba kweli?'"

Akalikumbatia lile sweta, akazika uso ndani yake. Chakula kikapoa, hakuna aliyenyoosha mkono.

Haya, wasikilizaji wangu. Neno limefutika, mtoto hayupo, sweta ni moja, na ahadi ilitolewa mbele ya watu. Je, ungekuwa wewe Bi Mwajabu, ungemkabidhi nani?